Peugeot 504 ya marehemu baba imelala bandani: nianzie wapi?

MwanaTororo (Tororo)

Wakubwa, salamu. Baba yetu alituachia Peugeot 504 stesheni, ile ndefu ya viti vya safu tatu, petroli, gia ya usukani. Zamani aliifanyia kazi ya taksi kati ya Mbale na Busia, akiwa na umri mkubwa akawa anaendea nayo kanisani na mazishini tu, kisha ikasimama. Ipo kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Kuku wameshahamia humo. Kwenye kiti cha nyuma nimetoa mayai.

Hali yake niliyoiona kwa macho: tairi zote zimelala, redieta kavu, taa moja ya mbele imevunjika, na sakafu ya upande wa dereva ukiinua kapeti unaona udongo. Bodi kwa juu si mbaya, rangi ya krimu imepauka. Injini haijafunguliwa na mtu tangu iliposimama. Ukifungua kifuniko cha tenki kunatoka harufu kali kama ya vanishi.

Fundi wa kwanza aliyekuja alisema tuitie petroli, tuazime betri, tuifunge kamba nyuma ya pikapu ivutwe mpaka iwake. Wa pili alisema injini hiyo nitoe, ataniwekea ya Toyota. Kaka yangu mkubwa naye anasema tuiuze kwa kilo, wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kila wiki.

Mimi nataka iniendeshe. Si gari la maonyesho, nataka tu Jumapili niweze kwenda Mbale na mama amekaa mbele, turudi bila kusukumwa. Nina sanduku la spana, jeki mbili, na Jumamosi zangu. Pesa ni kidogo kidogo. Nianzie wapi?

---

Kijana_Ndeeba (Kampala)

Bro, pole kwa msiba wa mzee. Lakini usikilize huyo fundi wa pili. Injini ya Hiace, ile 1RZ, ni lita mbili kama hiyo yako, na spea zake unazipata hata saa nne usiku. Ukiingia Kisekka, soko la spea hapa Kampala, ukauliza gasketi ya 504 watakuangalia kama umeuliza spea za meli. Magari ya Kifaransa yalikuwa mazuri yakiwa Ufaransa. Toa, weka Toyota, endesha.

---

MzeeSpana (Jinja)

Mwanangu wa Tororo, usiivute hiyo gari. Huyo aliyetaja kamba mpe chai, mshukuru, aende zake. Nimeanza kushika spana nikiwa kijana mdogo kwenye karakana ya Mhindi mmoja hapa Jinja. Mwenyewe alipoondoka 1972 tulibaki na mashine zake na vitabu vyake, na Peugeot ndizo zilizonilisha miaka yote iliyofuata. Nitakuambia mambo kwa mpangilio ambao ningeyafanya mimi, lakini kwanza nimjibu huyu kijana wa Ndeeba.

Kijana, 504 si gari unalochomoa injini ukabandika nyingine kama unavyobadilisha betri ya simu. Ingia chini uangalie. Propela yake, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini nyuma, haiko wazi kama ya Hiace. Imo ndani ya bomba la chuma, na bomba hilo limefungwa kwa boliti nyuma ya giaboksi upande mmoja, na kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma) upande wa pili. Kwenye stesheni kama hii, yenye ekseli nzima nyuma, bomba hilo ni sehemu ya vitu vinavyoishika ekseli ikae mahali pake, kwa sababu nyuma hakuna springi za majani, kuna springi za koili, mbili kila upande. Ukileta injini na giaboksi ya Toyota, bomba linabaki halina pa kushika. Basi fundi wako atakata. Akishakata propela, itabidi alete difu ya Toyota. Akileta difu, lazima achomelee mabano mapya chini ya bodi. Mwisho una gari ambalo si Peugeot wala Toyota, linaenda upande barabarani, na siku likikusumbua hakuna fundi atakayekubali kwamba ni lake. Nimeyaona mengi ya namna hiyo, mengi yamelala nyuma ya magereji yakisubiri kipande kimoja.

Na hilo la Ufaransa. Mashindano ya magari ya Safari Rally ya 1963, hapa kwetu Afrika Mashariki, magari 84 yaliondoka, saba tu ndiyo yaliyofika. La kwanza lilikuwa Peugeot 404. Ndugu yake 504 ilishinda Safari ya 1975, na tena 1978 kwa ile ya milango miwili ya V6. Hiyo haikuwa lami ya Paris.

Sasa wewe wa Tororo. Watu wengi wakipewa gari la zamani wanaanza na rangi, kwa sababu rangi inaonekana na majirani. Rangi ni ya mwisho. Ya kwanza ni kujua kama injini imekufa au imelala, na ya pili ni breki. Gari lisilowaka halijaua mtu. Linalowaka na halisimami litaua.

Injini. Fungua boneti utafute kibati cha namba. Kama imeandikwa XN1, hiyo ni ya cc 1971, pistoni ya milimita 88. Injini hii imelazwa upande, usishangae. Jambo kubwa la kujua ni kwamba silinda zake hazikuchimbwa kwenye bloki. Ni slivu nne zinazochomolewa, na maji yanazunguka yakiigusa slivu yenyewe. Chini ya kila slivu kuna sili. Ndiyo maana nimesema usivute. Kama pistoni moja imeshikana na slivu kwa kutu, ukiivuta kwa pikapu unaweza kuing'oa slivu kidogo kutoka kwenye kikao chake, sili inapasuka, maji yanaingia kwenye oili, na injini ambayo ingeamka kwa siku tatu za uvumilivu sasa inataka kufunguliwa yote.

Fanya hivi. Toa plagi zote nne. Kwenye kila tundu mimina kijiko cha oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli kidogo, funika matundu kwa kitambaa safi, iache siku kadhaa. Rudia. Kisha weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, weka gari juu ya stendi (si jeki peke yake, tafadhali, wala si matofali), tia gia ya nne, na uzungushe hilo gurudumu kwa mikono. Plagi zikiwa nje, injini nzima itazunguka pamoja nalo. Ikizunguka, hata kwa uzito, umeshinda nusu. Ikikataa, ongeza mafuta, subiri, jaribu mbele kidogo na nyuma kidogo. Usitumie bomba refu kulazimisha.

Kabla hujawasha, usimwage oili ya zamani haraka haraka. Legeza boliti ya chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) taratibu na uangalie kinachotoka kwanza. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo yatatangulia. Yasipokuwepo, funga tena, jaza redieta maji, lala nayo usiku mzima, asubuhi ulegeze tena. Bado ni oili tupu? Sili za slivu zinashika. Yakitoka maji, hapo ndipo utafute mtu wa kufungua hedi (kifuniko cha juu cha silinda), na mwambie jambo hili moja hata kama atakununia: hedi ikishatoka, slivu zishikwe kwa washa kubwa na boliti kabla mtu yeyote hajazungusha kranki. Fundi aliyezoea injini za Kijapani halijui hilo, maana kwao slivu haiendi popote.

Na faida yake ndiyo hiyo hiyo. Zikichoka, hupeleki bloki mjini kuchongwa. Unanunua seti ya slivu na pistoni zake, unachomoa za zamani, unapachika mpya hapo hapo uani. Kazi kubwa ni kupima slivu imechomoza kiasi gani juu ya uso wa bloki, na hiyo inataka mtu mwenye geji na subira.

Tenki. Hiyo harufu ya vanishi ni petroli iliyooza. Usiipeleke kwenye kabureta. Shusha tenki, mwaga, tia kokoto safi na petroli kidogo, tikisa mpaka mikono iume, suuza, rudia mpaka kinachotoka kisiwe na kahawia. Kama lina tundu, mtu yeyote asilisogelee na moto. Tenki tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Mafundi wa redieta wanajua namna ya kuziba matangi. Wapelekee wao. Halafu pampu ya mafuta, ile inayoendeshwa na injini, ina utando wa mpira ndani ambao bila shaka umekauka. Kabureta ifungue juu ya sinia ili vipande visipotee, uoshe jeti kwa upepo, usizichokoe kwa waya wa chuma.

Vijana wengine watakutisha kwamba injini hii ilizoea petroli yenye risasi. Hedi yake ni ya aluminiamu, kwa hiyo vali zinakalia pete za chuma kigumu zilizopachikwa. Kwa mwendo wa Jumapili petroli ya leo haitaila.

Breki. Hapa usibane pesa. Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani, na maji hayo yamekaa humo miaka yakila chuma. Chukulia kwamba kila mpira umekufa: masta silinda, silinda za magurudumu, hosi zote. Hosi ya breki inaweza kuonekana nzima kwa nje huku ndani imevimba na kuziba, unakanyaga, breki inashika na haiachii. Badilisha. Mabomba ya chuma yaliyokula kutu yatengenezewe mapya kwa bomba la breki, usikubali ile shaba laini ya friji. Na mtu akikuambia unaweza kutia oili ya injini kwenye breki kwa muda, mfukuze uani. Oili hiyo inavimbisha kila mpira uliotoka kuununua. DOT 3 au DOT 4, chupa mpya isiyofunguliwa, na usiimwage kwenye rangi, maana inaitoa.

Tairi nazo zisikudanganye kwa meno. Soma ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kama ni tarakimu tatu tu, tairi hiyo ni ya kabla ya 2000, ifanye kitanda cha mbwa.

Mengine tutaongea ukishazungusha. Usikimbie.

---

DadaWaya (Arua)

Mzee amemaliza ya chuma, niongeze ya waya, kwa sababu ndiyo kazi yangu na ndiyo inayochoma magari watu wakidhani ni injini.

Kabla hujafunga betri yoyote, ng'oa hao kuku na ufuate waya kuanzia kwenye betri hadi nyuma. Panya wanapenda sana kula waya za magari yaliyolala. Plastiki ya waya za zamani inakauka, ukiikunja inavunjika kama biskuti. Kipande kilichokauka kata, unga kwa risasi ya kuchomelea, vika ule mpira unaonywea kwa joto. Usisokote na kuzungushia gundi ya karatasi. Halafu fungua kisanduku cha fyuzi. Nimefungua magari mengi ya wazee hapa Arua nikakuta fyuzi imefungwa karatasi ya fedha ya sigara, yaani hakuna fyuzi kabisa. Ukiikuta hivyo jua kuna hitilafu mahali ambayo mtu alichoka kuitafuta.

Safisha mahali pa ardhi: waya unaotoka betri kwenda kwenye bodi, na mwingine unaotoka injini kwenda bodi. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Nusu ya matatizo ya "taa hafifu" na "stata haina nguvu" yanaishia hapo.

Ukiwasha mara ya kwanza, pima betri injini ikiwa inanguruma kwa kasi kidogo. Ukiona kati ya volti 13.8 na 14.4, alternata iko sawa. Ikipita 15, zima, regyuleta inakuchemshia betri. Kontakti za distribyuta zikwangue kwa msasa laini sana au ununue mpya pamoja na kondensa, nafasi iwe kama milimita 0.40.

Na taa za mbele. Umeme wote wa taa katika magari mengi ya wakati huo unapita kwenye swichi ya usukani. Weka rilei mbili, yaani swichi ndogo za umeme zibebe mzigo huo. Utaona barabara ya Mbale usiku, na swichi hiyo ambayo huipati dukani itaishi.

Fundi wa bodi akija kuchomelea, toa waya za betri na za alternata. Hawatakukumbusha.

---

Mpakani_Spea (Busia)

Ndugu wa Tororo, wewe uko karibu na bahati na hujui. Usipoteze nauli kwenda Kampala kwanza. 504 iliunganishwa Kenya, pikapu zake zilifanya kazi huko kwa miaka mingi, kwa hiyo spea bado zinazunguka. Nairobi, Kirinyaga Road, kuna maduka ya wazee ambao ukiwapa kipande mkononi wanakiangalia tu na kwenda rafu ya nyuma. Sehemu nyingi za injini na za mbele za pikapu zinaingiliana na za stesheni. Spea nyingine zinatoka Nigeria, maana Kaduna walikuwa wakiunganisha Peugeot tangu 1975.

Ila usiende na jina. Nenda na kipande chenyewe kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), au picha yenye rula kando. 504 ilitoka 1968 na ikabadilika badilika kwa miaka mingi, kuna breki za aina mbili tatu. Ukisema "seti ya breki ya 504" utapewa chochote.

Bushi na vitu vya mpira visivyopatikana, Katwe, Kampala, wanakereza au kumwaga vipya kwenye kalibu. Sampuli ya zamani ihifadhi mpaka mpya imekaa.

Halafu, samahani kwa kuuliza: logibuku (kitabu cha umiliki wa gari) ina jina la nani? Kama ni la baba, kabla hujatia pesa nyingi, kaeni familia. Mtu akifa mali yake inahitaji msimamizi aliyepewa hati na mahakama, ndipo jina lihamishwe. Kaka anayetaka kuuza kwa kilo leo, gari likishang'aa atakumbuka kwamba yeye ndiye mkubwa. Na likivunjwa, hutapata jingine kwa urahisi kutoka nje: sheria ya 2018 hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe.

---

MwanaTororo

Wazee na dada, asanteni. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa chini ya gari.

Imezunguka! Nilitia mafuta kama mzee alivyosema, mara ya kwanza gurudumu lilikataa kabisa, nikaiacha wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nikamwita mtoto wa jirani, mimi nikasukuma huku yeye akisikiliza kwenye matundu ya plagi. Ikatoa sauti kama mlango wa zamani, ikaenda. Maji ya redieta yamelala usiku, oili imetoka oili tupu, nyeusi kama lami. Kibati kinasema XN1. Fyuzi mbili zilikuwa na karatasi ya sigara, dada, kana kwamba ulikuwepo.

Mambo ya familia: mama ameamua, gari linabaki, na kaka amekubali mbele ya wajomba. Hati tumeanza kuzifuatilia.

Swali sasa ni sakafu na rangi. Fundi bodi wa hapa amekuja, ameniambia atakata bati, aliweke juu ya tundu, alifunge kwa rivet, apake lami, kisha apige puti (ile ya kujazia mabonde ya bati) pande zote na rangi ndani ya siku mbili. Bei yake ni nzuri. Moyo wangu unasita. Nyumbani nina kompresa ndogo, naweza kupaka mwenyewe?

---

MzeeSpana

Huo moyo unaosita usikilize. Bati juu ya kutu ni kumfunika mgonjwa blanketi. Kutu inaendelea kula chini ya lami, gizani, na lami inashika maji yasitoke. 504 haina chasisi ya peke yake kama Land Rover. Bodi ndiyo chasisi. Sakafu na zile kingo ndefu chini ya milango ndizo zinazobeba gari. Ukiinua kwa jeki na mlango ukaanza kubana, jua kingo zimeisha.

Chukua bisibisi na nyundo ndogo, gonga sakafu yote, kingo, chini ya betri, na pale shokapu za mbele zinaposhikilia juu ndani ya boneti. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Popote panaponyamaza, chora kwa chaki. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, si mpaka pale unapochoka. Bati jipya lenye unene sawa likae mahali pa la zamani na lichomelewe kuzunguka pote, kwa nukta nukta huku ukiruka upande huu na ule, maana ukichoma mstari mmoja mrefu bati litajikunja. Milango iwe imefungwa na gari limekaa sawa kwenye stendi wakati wa kuchomelea kingo, la sivyo haitafunga tena. Kapeti, viti na sponji vyote vitoke nje, ndoo ya maji iwe karibu, na tenki lisiwe ndani ya banda. Kazi hii si ya siku mbili. Yeye achomelee, wewe ukate na kusugua, bei itashuka.

Kutu nyepesi isiyotoboa, isugue kwa brashi ya waya, paka ile dawa ya asidi ya fosfori inayoigeuza nyeusi, ikauke, praima, kisha rangi. Ndani ya kingo miminia oili nzito au grisi inayomiminika kupitia matundu, na zile tundu ndogo za chini za kutolea maji uzifungue. Huwa zimezibwa na matope tangu barabara ya Busia ikiwa ya udongo.

Rangi ndiyo, unaweza kupaka mwenyewe. Tumia ile ya selulosi inayochanganywa na thina. Hukauka haraka kabla vumbi la Tororo halijaitulia, na ukikosea unasubiri, unasugua kwa msasa wa maji, unarudia. Ile ya mikebe miwili yenye kigumishi ni imara zaidi, lakini mvuke wake unaharibu mapafu, na kitambaa puani hakisaidii kitu. Waachie wenye barakoa za hewa. Paka asubuhi, mwaga maji sakafuni kwanza, ondoa maji yote kwenye kompresa. Na usiache gari kwenye praima peke yake mvua zinyeshe. Praima inanyonya maji, kutu inaota chini yake, na utakuwa umelipia kazi mara mbili.

Puti iwe nyembamba kama ganda la yai. Kama unaweza kuchomeka kucha, bati halijanyooshwa, rudi kwenye nyundo.

---

Kijana_Ndeeba

Mzee nimenyamaza hiyo ya propela, nimeenda nikaangalia moja iliyolala hapa nyuma ya gereji. Kweli kuna bomba. Ila mimi bado natumia Toyota.

---

MzeeSpana

Tumia, mwanangu. Hata mimi ninayo Toyota. Ndiyo inayonipeleka kutafuta spea.

---

MwanaTororo

La mwisho kwa leo, mzee. Imewaka! Tulitumia mafuta ya kwenye chupa ndogo, ikakohoa moshi mweupe, kisha ikatulia. Mama alitoka jikoni. Lakini feni ya redieta haizunguki na injini, inazembea tu, na joto likapanda mpaka nikazima. Mtu amenishauri niifunge kwa boliti izunguke muda wote. Nifunge?

---

MzeeSpana

Hongera. Usifunge bado. Feni ya 504 imetengenezwa hivyo: ina sumaku ya umeme ndani ya puli, na swichi ya joto ndiyo inayoiita. Injini ikiwa baridi inaachwa ijizembelee, maji yakipata moto inashikwa. Mkanda unaendelea kuzungusha pampu ya maji hata feni ikiwa imesimama, kwa hiyo pampu si tatizo.

Injini ikiwa imezimwa na mikono yako iko mbali na mapanga ya feni, tafuta kaboni ndogo inayogusa puli kwa nyuma. Peleka waya wa chanya wa betri, wenye fyuzi, kwenye hiyo kaboni. Ukisikia "tak" na feni ikakaza, sumaku ni nzima, na tatizo ni swichi ya joto au waya wake. Usiposikia, toa kaboni. Huenda imeisha au imekwama kwa uchafu, ni kitu cha bei ndogo. Ikiwa kaboni ni nzima, angalia nafasi kati ya sumaku na bamba la feni. Ina skrubu za kurekebishia, na ikiwa pana sana sumaku haifiki.

Joto pia linaweza kuwa ni redieta. Injini ikipata moto izime, kisha gusa redieta kwa mkono kutoka juu hadi chini. Ukikuta sehemu ya chini baridi, imeziba, mpelekee fundi aifungue na kuisafisha. Thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto la maji, nayo itoe uichemshe kwenye sufuria uone kama inafunguka, na isipofunguka nunua nyingine, usiiache nje. Na ukimaliza, usirudishe maji ya bomba matupu, tia kulanti, ile dawa ya maji ya redieta. Hedi ni aluminiamu, na maji matupu ndiyo yaliyozila nyingi nilizowahi kuzifungua.

Ukiwa barabarani wiki hii na feni haijapona, ndipo uifunge kwa boliti zake urudi nazo nyumbani, kisha uzifungue.